Nusu Winguni, Nusu Chumbani Kwangu

Jumatatu, tarehe 4

Siku mbaya. Imeanza kwa chai kumwagika, ikaisha kwa mkutano.

Mama Mkurugenzi katangaza. Barua pepe za kampuni zinahamia kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine huko mbali tutakazozikodi. Si zote. Nusu! Idara ya Mauzo wanahama kesho, kwa sababu wanazurura siku nzima kuuza magodoro yetu na wanataka kusoma barua zao popote walipo. Uhasibu, Utawala na Mkurugenzi mwenyewe wanabaki kwanza kwenye seva yangu, ile kompyuta kubwa ninayoitunza hapa ofisini. Ijumaa tutakaa kikao. Nusu iliyohama ikienda vizuri, wote tutahama, seva itazimwa, na chumba chake kitatafutiwa kazi nyingine.

Hakusema kwamba mtunza seva naye atatafutiwa kazi nyingine. Ila aliniangalia, kisha akaangalia karatasi zake.

Chumba changu! Kiko mwisho wa korido. Kina mlango wa chuma na ufunguo mmoja, na kiyoyozi kikali kuliko vyote jengo zima. Ndani kuna seva, sikatai, inanguruma kwenye kabati lake. Lakini pia kuna kochi langu la mtu mmoja, birika la umeme, kandambili zangu na utulivu. Nyumbani sina hata kimoja. Nyumbani yuko mama mkwe. Alikuja kutusalimia, mvua zikaanza, mvua zikaisha, bado anatusalimia. Kiti changu cha sebuleni ni chake. Redio ni yake. Kila jioni ananiuliza nitapandishwa cheo lini. Kwangu mimi anaheshimu kitu kimoja tu, na huwa anawasimulia majirani: mkwe wake ana ofisi ya baridi.

Wa kwanza kupiga makofi mkutanoni alikuwa Meneja Mauzo. Tunamwita Tabasamu. Anatabasamu hata anapokunyima. Baada ya mkutano kaja mlangoni kwangu na futi ya kupimia, ati anapita tu. Anakitaka chumba kiwe ofisi yake! Nikamwambia seva haipendi pumzi za watu. Akabana pumzi, akapima kuta zote, akatoka macho yamemtoka na bado anatabasamu.

Nimepiga moyo konde. Chumba hakitoki.

Jumanne, tarehe 5

Nimewahamisha Mauzo, kwa shingo upande. Lakini sikulala bure. Nina mipango.

Mpango wa kwanza: nywila. Kila mtu wa Mauzo nimemtungia yake, ndefu kama treni, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika na alama ambazo hata mimi sijui zinaitwaje. Nilijua kufikia saa nne watakuwa wamejazana mlangoni kwangu wakiomba warudishwe. Saa nne nikasikia wimbo. Tabasamu kawapanga mstari, kila mmoja anaiimba nywila yake hadi imkae kichwani. Kwa sauti! Korido nzima! Mkurugenzi akatoka kuuliza kuna sherehe gani. Alipoambiwa, akasifu. Akasema hajawahi kuona watu wanaojali usalama namna hiyo, akauliza nywila imara hivi ni wazo la nani. Tabasamu akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ni la kwake.

Nilitaka kulia. Nikaenda kukaa kwenye kochi.

Mpango wa pili ni wa akili zaidi. Maelekezo ya kuhama yanasema mtu akishahamia kwenye wingu, sanduku lake la barua la zamani kwenye seva lifungwe, na pale pale iachwe alama ya kuonyesha amehamia wapi. Sikufunga hata moja. Kwa nini nifunge? Ijumaa watarudi kwa magoti, watakuta masanduku yao yako vile vile walivyoyaacha, nami nitasimama mlangoni kuwaambia karibuni nyumbani. Halafu kuna faida nyingine. Masanduku yakibaki, seva inaonekana imejaa. Nani atathubutu kuzima seva iliyojaa?

Mpango wa tatu nimeufanya kimyakimya. Nimejihamisha na mimi! Nimejiingiza kwenye kundi la Mauzo kule kule, ili kila wanapolalamika nisome. Adui humjui mpaka ukae sebuleni kwake. Sanduku langu la zamani nalo nimeliacha kwenye seva, kwa ajili ya siku ya kurudi.

Mke wangu kaniuliza jioni mbona najichekea peke yangu. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Mama mkwe akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, tarehe 6

Hawalalamiki!

Nimesoma barua zao zote tangu asubuhi. Wanafurahi. Mmoja kaandika kwamba tangu wahamie wingu maisha yamekuwa matulivu, Uhasibu hawawasumbui tena na risiti, Utawala hawawaulizi mbona wamechelewa, hata Mkurugenzi kanyamaza. Tabasamu kajibu kwamba hayo ndiyo maendeleo.

Nimekosa hamu ya kula.

Baada ya mlo nisioula, akaja Mhasibu. Mama huyu tunamwita Chuma, na hakuna anayemwita hivyo akiwa karibu. Kasimama mlangoni, mikono kiunoni, akataka kujua hao Mauzo wana nini. Wanamwandikia maswali, anawajibu, halafu wanamwandikia tena kumuuliza mbona hajibu. Wanamfanya mtoto?

Moyo ukanichangamka. Ugomvi! Nikajitia huruma, nikamwambia taratibu kwamba si vibaya yeye kujua ukweli: tangu wapandishwe kwenye wingu, Mauzo wamevimba vichwa. Chuma akaondoka kwa hasira. Nikamfuata Tabasamu uani, nikamnong'oneza kwamba Uhasibu wana wivu, wameapa kutomjibu mtu wa Mauzo hadi nao wahamishwe. Kwa mara ya kwanza nimemwona bila tabasamu. Kumbe ana mdomo mdogo tu.

Nikamwandikia Mkurugenzi barua ya heshima. Nikasema, kwa masikitiko, kwamba wingu limeanza kuwagawa wafanyakazi, na kwamba mimi mtumishi wake niko tayari kushauri. Nimekaa nikisubiri jibu mpaka muda wa kutoka. Hajajibu. Si neno. Si hata "asante".

Nimekuwa si kitu. Miaka yote ile nimeilinda seva yake. Siku umeme ulipokatika niliipepea kwa kadibodi! Leo hata neno asante limekuwa kubwa.

Alhamisi, tarehe 7

Hakuna barua ya Mkurugenzi. Nimefungua asubuhi, nimefungua mchana, nimefungua nikiwa nimesimama, nikidhani labda kukaa kunaleta nuksi. Hakuna.

Tumepishana kwenye ngazi. Nikamsalimu, nikamwamkia vizuri, nikangoja. Aliitikia, akasimama kama anayengoja mimi niseme kitu. Nami nikangoja yeye aseme. Tukasimama pale tunatazamana. Mwishowe akatingisha kichwa, akapanda zake. Nilibaki nimeshika mbao ya ngazi. Mtu akishakata shauri la kukufukuza, hukutazama hivyo hivyo.

Uani magari yamepakiwa magodoro ya ile shule ya bweni, oda kubwa kuliko zote mwaka huu. Tabasamu kasimama kati ya madereva anapiga picha. Magodoro mapana, manene, ya kulalia wakubwa. Nilitamani nijilaze juu ya mojawapo nipelekwe nalo huko shuleni, nianze upya kidato cha kwanza.

Chuma na Tabasamu wamegombana kwenye mlango wa jiko. Chuma kasema amewaandikia mara tatu. Tabasamu kala kiapo kwamba hajaona hata nukta. Chuma akamwita mwongo, Tabasamu akasema mwongo ni anayedai kutuma kisichoonekana. Nilikuwa nimeshika kikombe nyuma yao, natikisa kichwa kwa uchungu, rohoni nikiwapigia makofi wote wawili. Bila shaka mmoja anadanganya. Natumaini ni Tabasamu.

Kesho kikao. Nimelipiga pasi shati langu mwenyewe, kwa maana mke wangu kasema anayenuna bila kueleza sababu ajipigie pasi.

Ijumaa, tarehe 8



Kabla ya kikao magari yamerudi. Yamejaa magodoro yale yale! Vitanda vya shule ile ni vyembamba. Magodoro yetu yaliwekwa juu, yakaning'inia pande zote, mwanafunzi akikaa pembeni anamwagika chini pamoja na godoro lake. Mkuu wa shule kapiga simu kwa sauti tuliyoisikia hadi korido. Kumbe alikuwa amemwandikia Mkurugenzi tangu Jumanne kwamba vipimo vimekosewa, na Mkurugenzi akampelekea Tabasamu ujumbe ule ule siku ile ile.

Kikao kikawa moto. Mkurugenzi kasema alituma. Tabasamu kasema hakupata. Chuma akasema mwacheni, ndiyo tabia yao. Tabasamu akasema kwa sauti ya kukauka kwamba kama hawaaminiki Mauzo, basi afukuzwe leo.

Nikaona mlango wangu umefunguka. Nikasimama. Nikaomba ruhusa, nikasema seva haisahau. Kila barua iliyotumwa ndani ya nyumba hii inapita mikononi mwangu. Niruhusiwe niwaonyeshe ukweli ukutani, kila mtu auone.

Nikaunganisha projekta. Nikaingia kwenye seva kwa ufunguo wangu wa msimamizi. Nikafungua sanduku la Tabasamu. Lilikuwa limejaa! Barua ya Mkurugenzi kuhusu vitanda, hiyo hapo, Jumanne. Barua za Chuma, hizo hapo, zote tatu, ya mwisho imeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Hazijafunguliwa hata moja. Nikanyoosha kidole ukutani nikasema, "Hizo hapo! Mtu alizipata, kazikalia!"

Nilijiona nimefika. Naapa, kwa dakika ile nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika biashara ya magodoro.

Tabasamu katazama ukuta kwa mshangao wa kweli. Kasema hizo hajawahi kuziona, na sanduku lake halifanani na hilo. Chuma ndiye aliyeuliza. Kauliza taratibu, wala hakunitazama usoni. Tabasamu si alihama Jumanne? Sasa hili sanduku lililoko hapa ni la nani?

Nikapangusa lenzi ya projekta.

Nikaeleza. Sikuwa na namna. Nikasema mtu akihama na sanduku lake la zamani likiachwa bila kufungwa, seva huwa haijui kama amehama. Mtu wa hapa ndani akimwandikia, inaitupa barua pale pale pa zamani, ikijua imefikisha. Ni kama kuendelea kusukuma barua chini ya mlango wa nyumba ambayo wenyewe walishaondoka. Mkurugenzi akauliza nani alipaswa kuyafunga. Nikatazama dari. Dari yetu ina doa la maji lenye umbo la kiatu.

Kisha akaniuliza kitu kingine. Kasema na mimi ameniandikia wiki hii, wala sikumjibu. Niliposikia hivyo nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba sijapata barua yake yoyote.

"Baba, hebu fungua na la kwako," akasema.

Nilitamani umeme ukatike. Haukukatika. Nikafungua sanduku langu la zamani, ukutani, mbele ya kila mtu, wakiwemo watu wa Utawala waliokuja kwa ajili ya biskuti.

Ya Jumanne: ananikumbusha nisisahau kufunga masanduku ya zamani.

Ya Jumatano: ameipata barua yangu, ananishukuru. Ndiyo, kaandika asante! Anasema amefikiria sana. Kampuni nzima ikihama atahitaji mtu wa kusimamia wingu lote, mwenye cheo na mshahara wake, naye hamwoni mwingine zaidi yangu. Chumba kibaki changu, kiwe ofisi. Nijibu kabla ya Alhamisi jioni, maana Meneja Mauzo anakiomba kila siku.

Ya Alhamisi ilikuwa fupi. Amesikitika kwamba nimekaa kimya, na hata kwenye ngazi sikutaka kulizungumza. Anaheshimu uamuzi wangu. Chumba amempa Meneja Mauzo.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Tabasamu alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikazima projekta. Ukuta ukawa mweupe.

Jumamosi, tarehe 9

Nimeondoa vitu vyangu. Birika, kandambili, kochi. Kochi halikupita kwenye ngazi mpaka Tabasamu akashika upande wa pili. Alibeba polepole, lisichubuke. Ni heri angenitukana.

Nikaingia nalo nyumbani. Mke wangu akaliangalia kochi, akaniangalia mimi, akaniuliza nimefukuzwa? Nikamwambia bado, Mkurugenzi anafikiria. Nikamsimulia yote jikoni, chini kwa chini, kwa sababu ya sikio la sebuleni. Mke wangu hakuniambia nililitafuta mwenyewe. Alinimiminia chai. Kisha akaniuliza swali dogo: kwa nini sikufanya tu kazi niliyopewa? Nililitafuta jibu hadi chai ikapoa.

Nilipofika sebuleni nikamwambia mama mkwe kwamba ofisini wanapaka rangi, ndiyo maana nimeleta kochi. Akasema, "Haya, mwanangu." Hajawahi kuniita mwanangu. Kisha akazima redio, akainuka kwenye kiti changu, akanipisha nikae.

Nikajua hali yangu ni mbaya kweli.

Jumatatu, tarehe 11

Sijafukuzwa. Leo Mkurugenzi kaniita. Alikuwa mpole, jambo linalotisha. Kasema kosa langu limeipotezea kampuni oda, lakini mimi ndiye ninayeijua ile seva, kwa hiyo nimalize nilichokianza. Nifunge masanduku yote ya zamani, bila kubakiza hata moja. Nihamishe Uhasibu na Utawala kufikia Alhamisi. Yeye mwenyewe atahama wa mwisho, Ijumaa. Siku seva itakapokuwa tupu, itazimwa, na Tabasamu atachukua ufunguo. Kuhusu mimi, anazungumza na wakubwa wenzake. Ataniandikia masharti ya kunibakiza kazini. Nikiyakubali nimjibu kabla ya saa kumi Ijumaa. Nisipojibu atajua nimeamua kuondoka, na hatanilazimisha.

Nikamshukuru mpaka akanionyesha mlango.

Meza yangu mpya iko koridoni, kando ya mashine ya fotokopi. Joto! Kila anayetoa nakala ananigusa kiwiko. Chuma katoa nakala nyingi sana leo.

Alhamisi, tarehe 14

Nimehamisha wote, kasoro Mkurugenzi. Kazi safi, sijawahi kufanya kazi safi hivi. Masanduku ya zamani nimeyafunga moja baada ya jingine, Mauzo, Uhasibu, Utawala, kila moja nimeliachia alama yake. Chuma kajaribu kwa kumtumia Tabasamu risiti, na Tabasamu kaipata pale pale. Wamepatana. Wamepeana mikono mbele ya meza yangu kama vile mimi sipo.

Nilipofikia la mwisho nikasita. Lilikuwa la kwangu.

Nikakumbuka maneno ya Mkurugenzi: siku seva itakapokuwa tupu. Tupu! Seva yenye sanduku si tupu. Isipokuwa tupu, haizimwi. Isipozimwa, chumba hakitoki, kiyoyozi hakizimwi, na mtu wa kukaa nayo lazima atafutwe. Ni hesabu rahisi, sijui kwa nini sikuiona mapema.

Nimeliacha. La kwangu tu! Kosa la wiki iliyopita, nimelipima vizuri, lilikuwa kuacha ya watu wote. Tamaa. Moja lina madhara gani? Mimi mwenyewe naendelea kusomea kule kule kwenye wingu, kama kawaida, hakuna atakayejua.

Ijumaa, tarehe 15

Nimeamka na roho juu juu. Leo ndiyo siku ya masharti. Mkurugenzi kanipita asubuhi kwenye fotokopi, kaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshaniandikia tangu jana, kutoka kwenye seva, kabla hajahamishwa. Kasema anangoja neno langu mpaka saa kumi.

Nimefungua sanduku langu kule kwenye wingu. Hakuna kitu. Nimefungua tena. Matangazo ya matairi, na Tabasamu anawapongeza watu wake.

Awali nilishtuka. Kisha nikatulia, nikafikiri kama mtu mzima. Kama angekuwa na masharti, yangefika. Hayakufika. Maana yake ni nini? Maana yake aliandika, akasoma, moyo ukamlainika, akaifuta. Hataki masharti. Amenisamehe! Na ile ya kungoja neno langu mpaka saa kumi ni kunipima tu kama nina subira.

Basi nitamwonyesha subira. Nimekaa wima kwenye meza yangu, mikono juu ya magoti, ninamtazama kila anapopita. Saa tisa kapita, akasimama, akangoja. Nikatabasamu, nikanyamaza. Akashusha pumzi, akaenda zake.

Nimempigia simu mke wangu kumwambia amwandae mama mkwe. Jumatatu nalirudisha kochi.